Kidole Juu ya Tepu

Jumatatu, 7 Machi 1977
Kihara ameniharibia siku. Mjomba wake amemletea kidude cha kukanyaga kwa mguu, kinaitwa feza. Gita lake sasa linalia kama maji yanayozunguka kwenye karai. Dada Phoebe, kiongozi na mwimbaji wa bendi yetu, akasema Kihara ndiye atakayepiga solo kwenye santuri mpya. Solo yangu! Nikajikuta nasema feza ni ya watoto, mimi nina flanja. Sina. Sijawahi kuiona.

Jumanne, 8 Machi
Nilishuka Ngara kwa Mzee Ndeti, fundi wa redio. Nikamwuliza, kwa niaba ya rafiki. Alicheka sana, kisha akaeleza. Feza inapindapinda mawimbi ya sauti. Sehemu chache zinafutika, inabaki laini. Flanja ni sauti ileile mara mbili, moja ikichelewa kidogo mno, na kuchelewa kwenyewe kunabadilika-badilika. Zikichanganywa, zinavuma kama ndege inayopaa. Wengine hutumia mashine mbili za tepu: wimbo mmoja kwenye zote mbili kwa pamoja, na kidole kukandamiza ukingo wa gurudumu moja. Kidole ninacho!

Alhamisi, 10 Machi
Ndeti kanikopesha mashine. Ya pili ni ya kanisa letu, Riruta. Nilimwambia Mchungaji Ajwang' naipeleka ikasafishwe. Akanibariki. Nimenakili wimbo wetu kwenye zote mbili; ile ya kanisa, juu ya tepu iliyokuwamo. Ilikuwa na kwaya fulani tu.

Ijumaa, 11 Machi
Studio. Mashine zikaanza pamoja. Nikagusa ile ya Ndeti. Vuuuuu! Ndege kabisa! Kihara mdomo wazi. Ningeachia hapo. Nikakandamiza zaidi, asikie vizuri. Tepu ikabaki nyuma, Phoebe wawili wakawa wanafukuzana kwenye spika. Phoebe mwenyewe akafoka: "Zedekiah, toa kidole!" Nikakitoa kwa nguvu. Gurudumu likaruka, tepu ikamwagika mpaka mlangoni. Solo ni ya Kihara. Mimi nimepewa kayamba.

Jumapili, 13 Machi
Nilirudisha mashine asubuhi. Mchungaji akaiwasha, wageni wa Parklands wasikie kwaya. Akatoka Dada Phoebe kwenye spika, akimbembeleza mume wa mtu. Peres, mwalimu wa kwaya, aliinama tu. Miezi miwili ya mazoezi yao, nimeifuta. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu, 14 Machi
Nimekiri yote. Nimesamehewa. Peres akasema watarekodi upya, mradi kinanda cha kanisa kipone kabla ya Pasaka, kinakoroma. Akauliza kama namjua fundi. Nikasema ni mimi, nimetengeneza vingi tu. Sijawahi kufungua kinanda. Kesho naazima bisibisi.