Gitaa la Nyuzi za Plastiki

Sabuni alipewa jina hilo kwa utelezi, si kwa usafi. Alikuwa kwa kinyozi, shavu moja limeshanyolewa, aliposikia muuza magodoro akilalamika kwenye kiti cha jirani.

"Gitaa la Kijapani, la zamani, la nyuzi za nailoni. Nikilipata natoa friji mpya! Yupo mjane nyuma ya kiwanda cha matofali analo, ananibania."

Sabuni akainuka na nusu ya ndevu zake. Riziki haisubiri wembe.

Akapita nyumbani, akabeba televisheni ya mkewe aliyekuwa sokoni. Mume anayerudi na friji haulizwi maswali.

Kwa mjane, gitaa lilining'inia msumarini. Sabuni akachungulia karatasi yenye maandishi ya Kijapani tumboni mwake, akaisoma kwa sauti, yeye ambaye hata Kiswahili humshinda kikiwa cha herufi ndogo.

"Pole, mama. Imeandikwa 'kichezeo cha watoto'. Mimi fundi wa magitaa. La kweli lina nyuzi za chuma. Hizi plastiki, za kuvulia samaki."

"Masikini marehemu! Kumbe waliomuuzia walimpiga."

"Nikuachie televisheni hii, nilichukue likachezewe na watoto."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Na rimoti yake umekuja nayo?"

Muuza magodoro alipoliona gitaa, akashusha pumzi.

"Umechelewa, ndugu yangu. Shangazi kanipigia sasa hivi. Fundi bingwa kapita kwake, kasema la nailoni ni kichezeo."

"Shangazi?"

"Yule mjane."

"Huyo fundi mwongo!" Sabuni akaropoka.

"Mwongo?" Simu ikatoka mfukoni. "Kamlaghai shangazi yangu? Basi hili la polisi. Shangazi anasema ana ndevu upande mmoja."

Sabuni akashika shavu kama mwenye jino bovu.

"Hapana, nimemkumbuka. Fundi mzuri sana yule. Mcha Mungu."

"Kwa hiyo ni kichezeo?"

"Kichezeo kabisa."

"Basi niachie, watoto wachezee. Nawe usitoke mikono mitupu." Akamkabidhi mto mmoja, wa sponji.

Jioni Sabuni akapita nyuma ya kiwanda cha matofali. Gitaa limerudi msumarini, limepanguswa vumbi. Mjane alikuwa anabadilisha chaneli.

"Karibu, fundi!"

Nyumbani, mkewe alisimama mlangoni, nyuma yake meza tupu.

"Baba watoto, televisheni yangu iko wapi?"

Sabuni, ulimi wa asali, akamnyooshea mto.

Mkewe akautazama mto, akatazama kibaraza.

"Afadhali," akasema, akifunga mlango. "Umejiletea mwenyewe."