Mashine ya Kumwonyesha Njia Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Juni

Leo baba mkwe, Don Filemón, amenibeba kwenye pikapu yake nyekundu. Nilikuwa na piñata sita za kupeleka mtaa wa Bello Horizonte: nyota nne na punda wawili, zile sanamu za karatasi za watoto kupiga kwa fimbo mpaka peremende zimwagike. Makondakta wa basi hawanitaki tena. Wanasema punda wangu wanakaa viti vya watu.

Don Filemón aliendesha teksi Managua miaka arobaini na tisa. Anaujua mji huu kuliko walioujenga. Sote tunasema hivyo, na yeye ndiye anayesema hivyo mara nyingi zaidi.

Leo amepotea!

Tena si kidogo. Tumekizunguka kipilefti kipya mara tano. Mvua ikaanza, punda wakaanza kuchuja rangi. Mwishowe akaegesha kando, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Akaniambia hii ni mara ya tatu mwaka huu. Kila wanapong'oa kitu na kuweka kipilefti, anakuwa mgeni kwenye mji wake mwenyewe. Mkewe, Doña Tula, akijua, atamnyang'anya funguo siku hiyohiyo. Na bila funguo, akasema, yeye ni wa kukalishwa kwenye kiti cha kubembea akingoja jeneza.

"Hii ibaki humu ndani ya gari, mkwe wangu."

Nimeapa kwa jina la marehemu mama. Nimeguswa sana.

Kumbuka: siku akiacha kuendesha, pikapu itaenda kwa mmoja wa wakwe wawili. Mimi, au mwanyumba wangu Yader, aliyemwoa dada wa mke wangu. Hilo nalo limenigusa.

Jumatatu, 4 Juni

Jumapili Don Filemón anatimiza miaka sabini na sita. Mke wangu, Chilo, ananiambia Yader amemnunulia viti vipya vya pikapu. Vya ngozi! Nimeuliza kama ni ngozi kweli. Chilo amesema nisianze.

Nimelala chali nikitazama dari hadi saa sita mchana. Ndipo wazo likaja. Kifaa cha GPS! Kitamwonyesha njia, hatapotea tena, funguo zitabaki mfukoni mwake, siri itabaki siri. Na yeye peke yake atajua ni nani aliyemwokoa. Mtu aliyeokolewa hupeleka pikapu wapi? Haya basi.

Soko la Oriental, kwa Doña Chepita wa vifaa vya umeme. Ana vitatu. Cha kwanza kikubwa, kioo kama daftari, bei ya ndama. Cha pili kizuri, ramani za mwaka huu, dhamana miezi kumi na miwili. Cha tatu ni mtumba, bei yake robo ya cha pili. Nikauliza kina kasoro gani. Akasema hakina kasoro, kina tabia. Sauti haipungui. Kwa mzee hiyo ni kasoro au ni faida? Tena, ukikiandikia jina la mahali, kinalisoma kwa sauti kila unapokaribia. Nikambembeleza, akapunguza córdoba hamsini. Nimetoka sokoni kifua mbele.

Chilo ameuliza kwa nini mtu aliyeendesha teksi miaka arobaini na tisa apewe kitu cha kumwonyesha njia. Nimesema ni teknolojia. Ameniangalia muda mrefu, kisha akaenda kukaanga ndizi.

Jumatano, 6 Juni

Nimekijaribu. Ndani yake imo sauti ya mwanamke wa Madrid, Hispania. Anaamuru kama mwalimu mkuu, na mbwa wa jirani sasa anamjibu.

Nimekiandikia anwani yetu kama inavyoandikwa kwenye bili ya umeme: kutoka ilipokuwa sinema ya Luciérnaga, mitaa miwili kuelekea ziwani, mmoja kuelekea jua linakochomoza, geti la kijani. Mwanamke wa Madrid akasema mahali hapo hapajulikani. Anataka jina la barabara na namba ya nyumba. Namba! Nani ana namba? Sinema ilianguka kwenye tetemeko la mwaka sabini na mbili, geti tulilipaka bluu, na posta bado wanatufikia.

Nikarudi kwa Doña Chepita. Akasema mashine imetoka nje, haina kosa, niifundishe mwenyewe. Nisimame mahali, nibonyeze kitufe, niandike jina.

Sawa. Lakini Luciérnaga ilikuwa wapi hasa? Mimi nilizaliwa miaka miwili baada ya kuanguka kwake. Nikaenda kwa kinyozi kuuliza wazee. Walikuwa watatu, wakanionyesha kona tatu. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba hata mke wake alimpata kwenye kona isiyo yake. Walipoanza kuvua kofia wapigane, nikaondoka.

Alhamisi, 7 Juni

Mjini kuna mtu mmoja tu anayejua. Nikamdanganya kwamba nina piñata za kupeleka mitaa kumi tofauti. Kifaa kikawa mfukoni mwa shati, waya wa spika nimeukata kwa muda, kidole kwenye kitufe.

Don Filemón leo alikuwa kijana. Hapa Luciérnaga, tiketi ya nyuma ndiyo ya bei rahisi. Hapa kiwanda cha barafu, hapa ndipo alipomwona Tula amebeba kipande kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, akamsindikiza hadi kwao na barafu ikafika saizi ya yai. Hapa duka la mikate. Aliposema mikate alisimamisha gari, akavua kofia. Mdogo wake alikuwa zamu humo usiku ule wa tetemeko. Kisha akavaa kofia tukaenda.

Hakupotea hata mara moja. Na mimi nikibonyeza, nikibonyeza. Nilijisikia mwizi.

Akaninunulia jibini laini iliyofungwa kwenye tortilla, ile chapati ya mahindi, yenye vitunguu na maziwa ya mgando. Akasema kwa miaka kumi na mitano Yader hajawahi kumuuliza chochote. Nikajifanya nafuta maziwa shatini.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeurudisha waya. Nimeandika majina yote: sehemu thelathini na moja. Mgongo hauna hali.

Saa kumi jioni nikapata wazo la kumalizia. Kifaa kinajua sehemu asizopotea. Je, zile anazopotea? Alishanitajia zote tatu. Nikaziendea, nikaziandika pia, ili kimtahadharishe mapema: "Angalia, hapa Baba alipotea." Na namba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili asichanganye. Nani atasikia ila yeye? Siri iko ndani ya gari, kama alivyoomba.

Nimejipongeza. Chilo ameniuliza mbona natabasamu na ukuta.

Jumapili, 10 Juni

Natamani nisiandike. Naandika.

Nacatamal kwa wote, mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba, keki, majirani. Viti vya Yader, vimeshafungwa kwenye pikapu, vilipigiwa makofi. Watu walipanga foleni kuvikalia. Kisha sanduku langu. Don Filemón alilifungua, akakitazama kifaa, akanitazama mimi, akawatazama watu. Mikunjo ya uso wake ikaganda.

Doña Tula akauliza kwa sauti, "Cha kazi gani hiki? Aonyeshwe njia mume wangu huyu?" Watu wakacheka. Yader akasema, "Mwanyumba, mwakani mnunulie padri rozari, umfundishe na kusali!" Wakacheka zaidi.

Ningekaa kimya, yangeishia hapo. Lakini kile kicheko cha Yader kilinikata maini. Nikasema twendeni tukakijaribu! Sasa hivi! Twendeni wote!

Kumi na mmoja wakapanda nyuma, keki mikononi. Mbele Don Filemón, Doña Tula, na mimi katikati, kifaa kwenye dashibodi. Na mwanzo ulikuwa utukufu! Mwanamke wa Madrid akatangaza, "Baada ya mita mia moja, ilipokuwa sinema ya Luciérnaga." Gari zima likapiga kelele za furaha. Kwenye kiwanda cha barafu Doña Tula alimshika mumewe mkono mbele za watu. Kwenye duka la mikate mashangazi wakalia. Nikageuka nimwone Yader! Don Filemón akanigeukia, macho yana maji, akasema nimemrudishia mji wake. Robo saa nzima nilikuwa mtu wa maana.

Kwa furaha akakata kona kuelekea ziwani. Nikakiona kipilefti.

Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza vyote. Nikachomoa waya, kumbe kina betri. Nikakiweka chini nikakikalia. Kutoka chini yangu, kwa nguvu zote za Madrid: "Angalia. Hapa Baba alipotea. Mara ya tatu."

Vioo vilikuwa wazi. Nyuma wakanyamaza. Laiti wangecheka.

Don Filemón akashtuka, akaikosa njia ya kutokea. Tukazunguka. "Angalia. Hapa Baba alipotea." Akaikosa tena. Tukazunguka. Kikasema tena. Kila mtu alikisikia mara tatu, na wauza matunda wa kando ya barabara pia.

Aliposimama, Doña Tula hakugomba. Alifungua kiganja tu, akakiweka mbele yake. Don Filemón akaweka funguo. Yader ndiye aliyeturudisha nyumbani, juu ya viti vyake vya ngozi. Baba mkwe alipanda nyuma, akakaa na keki iliyobaki.

Hakuniangalia.

Jumanne, 12 Juni

Sijala. Aibu inajaza tumbo.

Chilo aliniuliza mambo mawili tu. Alikwambia mwenyewe? Ndiyo. Alikuomba usiseme? Ndiyo. Akageukia ukutani. Nilitaka kumweleza kwamba sikusema mimi, ilisema mashine. Hata mimi nilisikia neno hilo linavyonuka.

Nimekipeleka kwa Doña Chepita anirudishie hata nusu. Akakataa. Akauliza kwa upole kama mzee alikipenda. Nikaondoka bila kuaga.

Kurudi, nikapita kwa wakwe. Nilitaka kupita mbio. Don Filemón alikuwa barazani kwenye kiti cha kubembea, kofia yake ya udereva kichwani, akitazama pikapu imefunikwa turubai. Aliniona. Akaniinulia mkono, kunisalimu. Afadhali angenirushia kiatu.

Ijumaa, 15 Juni

Nimepiga moyo konde, nimekwenda. Nimeingia kwa mlango wa jikoni, kama mwizi wa kuku. Doña Tula akanionyesha barazani kwa mwiko.

Nilikuwa nimetunga hotuba ya kurasa mbili. Ilipotea yote. Nililia tu. Nilisema nilitaka kumsaidia, na nilitaka pikapu, na sijui kipi kilitangulia. Aliniacha nilie nikamaliza, kisha akanipa leso yenye harufu ya petroli.

Akasema, "Wewe Norvin una mdomo mpana kama kikapu kilichotoboka. Lakini uliniuliza. Siku ile uliniuliza kila kitu, na ulisikiliza."

Ameshapatana na Doña Tula. Pikapu itatembea, mimi nikiendesha, yeye akielekeza. Si Yader, Yader huendesha simu ikiwa sikioni. Tukatoa turubai, tukatoka. Kutoka ilipokuwa Luciérnaga, mitaa mitatu kuelekea ziwani. Alikuwa akipiga dashibodi kwa kiganja na kunitukana nilipochelewa kukata kona. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Mbele ya duka la mikate lisilokuwepo akaniambia niegeshe. Akasema kuna jambo. Tangu Pasaka jicho lake la kushoto linaona maziwa matupu, weupe tu. Ndiyo maana vipilefti vinamshinda, magari yote huja kwa upande huo. Anaogopa kisu cha daktari. Anaomba wiki mbili za kujikaza, kisha atamwambia Tula mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa cha mtu.

"Nakupa nafasi nyingine, mwanangu. Hii ibaki humu ndani ya gari."

Ameniita mwanangu! Nimeapa, mkono juu ya usukani. Sistahili. Najua sistahili. Kuanzia leo mimi ni kaburi.

Jumamosi, 16 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nikapita Oriental, kutazama tu.

Doña Chepita ana lenzi ya mkono ya kukuza maandishi, ina taa yake, mtumba, nzuri ajabu. Kasoro moja, taa haizimiki. Na Jumamosi ijayo ni Siku ya Baba! Ukoo mzima utakuwepo, na padri amealikwa. Yader, nasikia, analeta shati. Shati!

Kuchonga maneno kwenye mpini ni bure, basi nikachongesha kwa herufi kubwa azione mwenyewe: KWA JICHO LA KUSHOTO LA BABA, LINALOONA MAZIWA. SIRI YETU.

Tena safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimeitikisa, nimeibonyeza kila mahali, nimeiweka sikioni. Haitoi sauti yoyote.