Viatu Vyeusi vya Hotuba ya Usalama

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema. Meneja ametukusanya uani na kutangaza kwamba msimamizi wa chumba cha rangi anastaafu. Ijumaa atamchagua mwingine. Siku hiyohiyo anataka mtu mmoja asimame awaeleze wenzake hatari za anilini, yale mafuta tunayochanganya kwenye rangi nyeusi ili izame ndani ya ngozi za viatu. Nani yuko tayari? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Labda alidhani najikuna, nikaupunga.

Mpinzani wangu kwa cheo hicho ni mmoja tu. Mtunza ghala, ambaye kiwanda kizima kinamwita Miwani, kwa sababu ile miwani yake mikubwa ya kujikinga haivui hata akila. Miaka kumi na moja ghalani na hajawahi kuchubuka hata ukucha. Mtu wa namna hiyo ana uzoefu gani wa hatari? Mimi nimeungua mara tatu.

Nimemweleza mke wangu. Akasimamisha cherehani, jambo asilolifanya hata simu ikiita. Akasema anajivunia. Kisha akaniangalia miguuni, akauliza kwa upole kama nitasimama mbele za watu na viatu hivyo. Vilikuwa vya kahawia enzi zake. Sasa havina rangi ya kutajika.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda ghalani kutafuta maneno ya hotuba. Miwani amenizuia mlangoni mpaka nivae buti na glavu nzito, kisha akatoa karatasi iliyokuja na mapipa. Tumeisoma pamoja, kidole chake mstari kwa mstari, kama nafundishwa a-e-i-o-u.

Anilini inapenya kwenye ngozi ya mtu bila kuuma. Kiatu cha ngozi hakiizuii, na glavu nyembamba za jikoni ni kama huna. Ikifika kwenye damu, damu inashindwa kubeba hewa. Midomo na kucha vinageuka buluu, kichwa kinagonga, mtu anapata kizunguzungu, anaweza kufa. Nimenakili yote kwa mwandiko mzuri. Aliponiuliza kama nina swali, nikamuuliza viatu vyake alivipata wapi. Vyeusi tii, unaweza kujitazama humo ukanyoa. Akasema alinunuliwa na binti yake.

Nimerudi nyumbani nikiwaza viatu.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umepatikana! Jioni ndoo ya rangi nyeusi hubaki na masalia, na Miwani hupita kuyachukua akayamimine kwenye pipa la taka za sumu. Rangi nzuri namna ile, inakwenda kufa pipani. Leo nimemtangulia. Nimejaza chupa ya asali.

Najua, kanuni ya nne ya ile karatasi inakataza kuiweka kwenye chombo cha chakula. Lakini asali iliisha tangu mwezi jana. Hicho si chombo cha chakula tena, ni chupa.

Miwani ameona ndoo imepungua, akauliza. Nikasema ni jua, linakausha. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Hana raha mpaka aandike.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, nikajifungia bafuni na viatu. Kanuni ya pili inataka mahali penye hewa ya kutosha. Dirisha nilifunga ili mke wangu asigundue, lakini hewa niliyoikuta humo ilinitosha. Brashi sina, nikatumia soksi. Glavu nzito ninazo, ziko kabatini, bado kwenye mfuko wa dukani. Sitaki zichafuke kabla sijawa msimamizi.

Nimepaka mara tatu. Vidole vyangu vimekuwa vya fundi wa magari, lakini viatu, jamani! Hata mimi nimeviamkia.

Mke wangu amesema nyumba inanuka samaki waliooza. Nimemsingizia paka wa jirani. Masikini, akachukua ufagio akamtafuta paka nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya cherehani. Nikaona aibu. Nikamsaidia kumtafuta.

Ijumaa, 8 Machi. Hospitali, kitanda namba sita

Naandika polepole.

Asubuhi viatu vilikuwa bado vina unyevu. Nikavivaa hivyohivyo, tena bila soksi, kwa kuwa moja ndiyo iliyokuwa brashi. Nikatembea hadi kiwandani, karibu saa nzima, jua likiniunguza kisogo na miguu ikitoka jasho. Nilipofika kichwa kilikuwa kinagonga. Nikajua ni hofu ya hotuba.

Saa nne nikasimama juu ya kreti mbele ya kiwanda kizima. Nilianza vizuri mno. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikaeleza inavyopenya, nikaeleza viatu, nikaeleza glavu. Nilipofika kwenye dalili nikainua vidole vyangu kuwaonyesha kucha, nikasema hugeuka buluu. Zilikuwa za buluu. Watu wakapiga makofi, wakidhani nimejipaka kwa ajili ya mfano. Nikasema na midomo pia. Makofi yakazidi. Nikasema kisha mtu hupata kizunguzungu, na uani ukaanza kuzunguka. Nikainama kutoa shukrani, nikashindwa kuinuka.

Miwani alikuja mbele, akanishika kwapa. Hakupandisha hata sauti.

"Hajajipaka huyu," aliwaambia. "Leteni maji na sabuni. Na gari."

Akavaa glavu nzito, akapiga magoti, akanivua viatu. Akaniosha miguu. Kwa maji mengi, kwa sabuni, kidole kimoja kimoja na katikati ya vidole, akiniambia nisifumbe macho, nimhesabie vidole. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyewahi kuniosha miguu. Nilihesabu mpaka nane.

Kwenye gari la meneja alikaa nami nyuma, ile karatasi ya mapipa iko mfukoni mwake. Daktari aliposhangaa kwamba napewa oksijeni na bado midomo ni ya buluu, Miwani akamnyooshea karatasi. Wakanitoa damu. Ilikuwa kama kakao. Daktari alisema bila karatasi ile wangepoteza muda wakitafuta ugonjwa wa moyo, na muda wenyewe sikuwa nao.

Mke wangu alifika utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alinishika mkono, akatazama kucha, akatazama miguu yangu mitupu.

"Mume wangu," alisema, "dawa ya viatu inauzwa hapo dukani."

Kisha akalia. Nami nikalia, ingawa mimi nasema ni dawa.

Jumamosi, 9 Machi. Bado kitanda namba sita

Midomo imerudi. Ajabu ni dawa yenyewe: wamenichoma maji ya buluu kwenye mshipa. Daktari anasema ni aina ya rangi, na ndiyo inayoiamsha damu. Nikamwambia mimi pia niko kwenye fani ya rangi. Akanipima homa.

Kwenda haja ndogo, nikaona kijani. Nimeita manesi wote wawili. Wakasema walishanieleza jana kwamba dawa hufanya hivyo. Walinieleza wakati gani?

Miwani alikuja saa ya kuona wagonjwa. Asubuhi alikuwa kwetu. Yeye na mke wangu wamesafisha bafu, madirisha wazi, kisha akaondoka na chupa, soksi na viatu, vyote kwenye pipa la taka za sumu. Viatu! Nilivivaa mara moja tu. Akasema ngozi ikishanywa anilini haisafishiki, ingeniua polepole. Nikamgeuzia mgongo.

Hakuondoka. Baada ya muda nikasikia anapenga kamasi, nikageuka. Alikuwa ameivua ile miwani, anaipangusa kwa shati. Ana macho madogo, mekundu. Akasema ghalani hana mtu wa kubishana naye, na mimi nataka kumwacha peke yake. Nikamwambia akae, kiti kipo. Akakaa mpaka nesi alipomfukuza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kazini nikiwa nimevaa ndala. Miwani ndiye msimamizi. Meneja amesema angenifukuza, ila katika miaka yake yote hajaona hotuba iliyowaingia watu kama ile. Tangu Ijumaa hakuna anayegusa ndoo bila glavu, hata anayefagia. Nimepewa barua ya onyo, na nimehamishiwa chumba cha kufungia mizigo, mbali na rangi yoyote.

Nimempa Miwani mkono wa pongezi. Akaushikilia, akataka nimwahidi kwamba sitabeba tena kitu cha kiwandani kupeleka nyumbani. Nikaahidi kwa moyo wote. Nilimaanisha.

Jumanne, 12 Machi

Chumba cha kufungia mizigo ni kizuri. Kimya, kina kivuli, na pembeni kuna pipa la gundi. Gundi ya ajabu! Nimegusisha mbao mbili, tumezivuta watu wawili hazikuachana.

Nimemfikiria mke wangu. Siku tatu amenilisha, amenifulia, hajanikaripia hata mara moja. Na kigoda anachoshonea kinachechemea, mguu mmoja umelegea, anaukingia kitambaa. Mwanamke kama yule anastahili kukaa vizuri. Nimechota kidogo tu, kwenye kikombe. Hiyo si kubeba, ni kuonja.

Sasa mimi ni mtu mwingine, nimeisoma lebo yote. Imechorwa mwali wa moto, na inasema mvuke wake unawaka upesi, iwekwe mbali na moto. Haina neno hata moja kuhusu damu wala midomo, kwa hiyo ni salama.

Tatizo lake ni kuchelewa kukauka kwenye baridi. Nimeshapata dawa. Kigoda nitakigundishia jikoni, karibu kabisa na jiko, wakati anachemsha chai. Kabla chai haijaiva, mguu utakuwa umeshika.