Malalamiko Kuhusu Oili Nyepesi na Gari Ambalo Halijahama

Alhamisi

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima za msomaji ambaye hajawahi kukuandikia, ingawa mara nyingi ameshika kalamu kwa nia hiyo na kuiweka chini. Safari hii sikuiweka. Nakuomba ukae vizuri, ufunge mlango, unisome hadi mwisho.

Katika toleo la Jumatano ya wiki iliyopita, ukurasa wa kumi na nne, mwandishi wenu wa safu ya magari anayejiita Daktari wa Injini amewashauri wenye magari ya zamani ya spoti waache oili nzito katika miezi ya baridi, watie nyepesi. Ameambatanisha na jedwali: upande mmoja nyuzi za joto, upande wa pili namba za oili. Kisha akamalizia kwa maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu: "Injini haina kumbukumbu, ina joto na baridi tu." Toleo la jana nililipekua lote nikitafuta masahihisho. Nilikuta tangazo la magodoro.

Nijieleze kwanza. Mimi nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo silalamiki hovyo. Nina gari la spoti la kijani, milango miwili, lenye kiti cha nyuma kinachotosha mkoba na mtoto mmoja mwembamba. Lina umri wa miaka hamsini na mbili. Lilikuwa la baba yangu. Baba alilitia oili ya 20W-50, ile nzito inayomiminika kama asali, na hakulitia nyingine. Nilipoondoka kwetu, miaka arobaini na moja iliyopita, niliondoka nalo, na oili yake ikiwa tumboni. Tangu siku hiyo nami sijalitia nyingine.

Sasa sikiliza kilichopo. Dada yangu mkubwa anafika Jumamosi hii kwa treni ya saa moja asubuhi. Hatujaonana tangu nilipoondoka. Yeye alibaki na wazazi, akawauguza, akawazika wote wawili, mimi nikipata habari kwa barua. Atakaa siku sita tu. Nimemwahidi kwenye simu kwamba nitampokea stesheni kwa gari la Baba, na aliposikia hivyo akauliza, "Kumbe bado unalo?" Ninalo. Katika vyote tulivyokuwa navyo ndicho kitu kimoja nilichopewa nikitunze. Likikwama Jumamosi mbele yake, sina kingine cha kumwonyesha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeniharibia fundi. Huyu tunamwita Spana, na gereji yake iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwa miaka kumi na tisa amelitia gari langu oili niliyomletea bila kuuliza swali. Juzi nilimkuta amekunja mikono. Nyuma yake, ukutani, kati ya kalenda na mkanda wa feni uliokatika, amebandika jedwali lenu. "Mzee," akaniambia, "gazeti limesema." Nikamwambia gazeti hilohilo lilisema Jumapili kutakuwa na jua, na mtaa mzima ukaanua nguo zikiwa zimelowa kuliko zilivyoanikwa. Alicheka sana, akapangusa machozi kwa kitambaa chenye grisi, lakini mikono akaikunja tena. Nikaondoka na makopo yangu.

2. Mmempa mke wangu silaha. Yeye ni muuguzi mstaafu, na kwa miaka mingi amekuwa na maoni kuhusu namna gari langu linavyoamka. Ni kweli kwamba asubuhi za baridi stata huguna. Huguna mara ya kwanza, hupumzika, huguna mara ya pili, na kwa kawaida mara ya sita au ya saba injini hukubali. Mimi nimemweleza siku zote kwamba hii ni haiba. Mtu mzima mwenye heshima zake haruki kitandani kama amechomwa sindano. Mke wangu hujibu kwamba wagonjwa wenye sauti kama ile aliwapeleka moja kwa moja kwa daktari. Sasa, kila kifungua kinywa, ananisomea jedwali lenu kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea wagonjwa cheti cha dawa: taratibu, kwa kurudia, akinitazama juu ya miwani kuona kama nimeelewa.

3. Mnataka kuvunja ushirika wa mtaa wetu. Gari linapokataa, hutokea majirani kulisukuma. Kinyozi hushika kushoto, mwalimu mkuu mstaafu hushika kulia, na mke wa mwalimu husimama katikati ya barabara akiwazuia waendesha baiskeli kwa mkono mmoja na kikombe cha chai katika mkono wa pili. Kila mtu anajua nafasi yake. Kinyozi hulalamika, ndiyo. Wiki jana alisema, "Mzee, hili gari lina viti viwili na watumishi watatu," na mwalimu akamjibu asukume kwanza, ataongea akifika kwenye mteremko. Lakini nakuuliza, Mhariri: oili nyepesi ikitiwa na gari likiwaka lenyewe, watu hawa watakutana wapi? Daktari wa Injini amelifikiria hilo?

4. Hapa ndipo penye kiini, na naomba usome polepole. Mwandishi wenu ameliambia gari langu kwamba linaishi hapa.

Hakuna aliyemtuma. Mimi mwenyewe sijawahi kuliambia hivyo. Gari langu halijahama, limeegeshwa. Nakubali kwamba miaka arobaini na moja ni muda mrefu wa kuegesha, na kwamba askari wa barabarani mwenye bidii angekwisha kuandika kitu. Lakini mtu aliyeegesha gari bado ni msafiri. Ana haki ya kuacha koti juu ya kiti. Ana haki ya kusema "kesho kutwa". Oili nzito ni oili ya mahali ambapo mchana mabati hulia kwa joto na mbwa hutafuta kivuli chini ya magari. Ninapoimimina, kwa dakika ile moja inayochukua kushuka kwenye faneli, hakuna baridi. Nauona mkono wa Baba, saa yake ikiwa imegeuzwa kioo ndani ili isikwaruzwe na boneti. Leo mtu aniletee jedwali aniambie nichague kopo kwa kutazama kipimajoto cha ukumbini kwangu! Nikikubali hilo, kesho ataniambia ninunue jembe nipande maua.

5. Kuhusu madini ya zinki, ambayo injini za zamani huyahitaji ili vali zisisagike, mwandishi wenu hakusema hata neno moja. Hili sina hasira nalo. Nalitaja ili ajue kwamba nasoma.

Kwa kuzingatia hayo, naomba hatua zifuatazo zichukuliwe, na nimezipanga kuanzia iliyo rahisi.

Kwanza, mchapishe masahihisho, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Pili, Daktari wa Injini afike nyumbani kwangu kesho Ijumaa akiwa na kitambaa cheupe, achomoe kijiti cha kupimia oili, akitazame, na aiombe injini radhi. Hahitaji kupaza sauti. Mimi nitasimama pembeni.

Tatu, kwa kuwa gazeti lenu hutoka Jumatano na dada yangu anafika Jumamosi, masahihisho yatachelewa. Basi muwaandikie watu wa reli wacheleweshe treni hiyo hadi saa sita mchana, jua litakapokuwa limeilainisha oili. Dada yangu ana subira. Alinisubiri miaka arobaini na moja, saa tano hazitamshinda.

Nne, watu wa reli wakikataa, muiombe idara ya hali ya hewa iahirishe baridi. Sisemi majira yote. Naomba Jumamosi tu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Nimeona wanavyoandika katika ukurasa wenu wa pili, kwa uhakika wa watu wenye mamlaka, na naamini hawajawahi kuombwa kwa adabu.

Tano, na hili ni la mwisho, endapo yote yatashindikana: itolewe amri maalumu kwamba barabara kutoka lango langu hadi stesheni, kilomita nne na kidogo, itahesabiwa kwa saa mbili kuwa ni sehemu ya kwetu. Sihitaji mji mzima. Nitairudisha safi.

Nikiamini kwamba utalitazama jambo hili kwa jicho la mtu ambaye naye ana kitu anachokitunza, naomba unisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, hasa wa zamu ya asubuhi ambao vidole vyao havitakati hata wakioga, dada wa mapokezi aliyenipa anwani yenu kwa uvumilivu mkubwa, dereva wa gari la magazeti, ambaye huwasha kwa mara moja na simwonei wivu, na msahihishaji wenu. Mwambie katika safu ya pili ya ukurasa ule kuna mstari umerudiwa. Niliuona, sikumwambia mtu.

Wako katika kulalamika kwa heshima,

Mwenye gari la kijani, nyumba ya pili kutoka kwa kinyozi

N.B. Jumapili. Barua hii ilikuwa haijatumwa. Ijumaa posta ilifungwa nikiwa uvunguni mwa gari, nikilitia 20W-50 mwenyewe, lita nne na nusu, kwa mikono yangu.

Jumamosi alfajiri umande ulikuwa umeganda juu ya kioo. Stata iliguna mara tatu, ikanyamaza, na betri nayo ikazimika. Kinyozi na mwalimu walitoka na viatu visivyofungwa, tukasukuma hadi kona, tukasukuma kurudi. Nikasikia treni inaingia. Nilikuwa nimesimama uani na boneti wazi dada yangu aliposhuka kwenye teksi.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpokea. Hakuyangoja. Aliweka begi chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama, akasema nimezeeka vibaya. Kisha, koti likiwa bado mwilini, akainama kwenye injini, akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya vidole viwili.

"Mdogo wangu," akasema, "hii ni gundi. Umetia oili ya kule."

Nikamwambia ni oili ya Baba. Akaniuliza ipi, maana Baba alikuwa na mbili. Mwaka ule Baba alipopelekwa milimani kupima barabara, na Dada akaenda naye kumpikia, kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na gari lilitiwa nyepesi kwa misimu miwili mfululizo. Yeye ndiye aliyeshika faneli. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Gari nililiona wakati wa likizo tu, nyumbani, kwenye joto. "Baba alikuwa anatazama dirishani kwanza," akasema, "ndipo anachagua kopo."

Mke wangu aliingia ndani. Alikwenda kupiga simu. Baada ya dakika kumi Spana alifika na oili nyepesi, yenye zinki, ikiwa imefungwa vizuri kwenye gunia. Inaonekana aliiandaa tangu siku aliyokunja mikono. Tulibadilisha, tukaunganisha betri na ile ya dukani kwa kinyozi, na gari likawaka mara moja. Mara moja, Mhariri. Kinyozi na mwalimu walipiga makofi, kisha wakabaki wamesimama hawajui mikono waiweke wapi, hadi mke wa mwalimu akawaletea chai. Bado wapo. Hata leo wamekuja, na hakuna aliyewaita.

Dada hakutaka kuendeshwa. Alikaa kwenye usukani mwenyewe, akatuzungusha mji mzima, akiniuliza hili ni jengo gani na lile ni jengo gani. Nilishangaa kuona kwamba yote nayajua.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la tano, na maombi yote, na unipe anwani ya Daktari wa Injini nimwombe radhi mimi. Nilitaka kuichana barua. Lakini Dada ameisoma, amecheka hadi akakaa kwenye ngazi, na ameniamuru niitume kama ilivyo, na mimi sijawahi kumbishia.

Limebaki kopo moja la 20W-50 ambalo halijafunguliwa. Anaondoka nalo Ijumaa. Amelizungushia sweta yangu lisivuje. Anasema kule bado kuna joto la kuitosha.