Kitufe cha Kuruka Kilio

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mimi Floribert, fundi wa telefone soko la Kadutu, niko mutu wa bahati kupita wote Bukavu. Kitu ninachogusa kinapona! Mudogo wangu Chantal amelazwa, figo zimechoka, na nani amepata dawa ya huzuni yake? Mimi. Hadithi ya Wajapani kwenye telefone: picha, muziki, maneno chini, unachagua jibu na hadithi inageuka. Ni ya binti mugonjwa. Macho ya Chantal hayaoni vizuri, basi ninasoma Kifaransa, ninageuza kwa Kiswahili. Kifaransa cha miaka miwili ya sekondari. Kinatosha! Leo binti amekufa. Chantal akalia, akaomba tufike mwisho mbio, kama mutu mwenye safari.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji Yannick, bwana ya Chantal, mwalimu wa fasihi, ameharibu kila kitu. Alisoma mahali kwamba kuna mwisho wa siri: binti anarudi kwa muujiza. Ati huo ni udanganyifu, mutunzi alishindwa kumaliza, akamuita Mungu amubebee muzigo. Nikamuuliza kama Lazaro naye alikuwa kosa la mutunzi. Maman Agathe wa kitanda cha pili akapiga makofi! Yannick akajibu kwamba Lazaro angalau alikaa kaburini siku ine, watu wakamulilia. Chantal akatunyamazisha. Muujiza haumusumbui, alisema. Kama wale watu wa hadithi wamelia kweli, binti arudi. Kama hawakulia, Yannick ana haki, ni udanganyifu.

Ijumaa, 8 Machi
Mupango! Mwisho wa siri unafunguka ukipitia njia zote sita za hadithi. Mutu wa kawaida, wiki tatu. Mimi? Kuna kitufe cha "Ruka". Nimeruka machozi yote. Mazishi, ruka! Bibi anayekumbatia viatu vya mujukuu, ruka! Courant ya umeme ikakatika, nikachomeka telefone kwenye jenereta ya parokia, nyuma ya ngoma za kwaya. Maman Ghislaine, mukubwa wa kwaya, akanikamata. Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akauliza sababu gani kazi ya Mungu inapiga muziki wa mapenzi. Alinifukuza, lakini aliacha telefone ijae kwanza.

Jumapili, 10 Machi
Njia sita, kwisha! Mwisho wa siri: kufuli. Ndipo nikaona vitaa vidogo kwenye kona. Kila ukibaki na mutu mpaka amalize kulia, kimoja kinawaka. Vinatakiwa kumi na viwili. Niko na kimoja, na hicho nilikipata siku telefone ilikwama. Kumbe muujiza ulitayarishwa tangu ukurasa wa kwanza. Nimemushinda Yannick, na siwezi kuonyesha mutu!

Jumatatu, 11 Machi
Chantal hasemi mingi tena. Aliomba mwisho. Nikashika telefone, nikasoma kitu ambacho hakipo. Binti akarudi asubuhi, akashuka kijijini Miti na kikapu cha viazi, amekasirika kwamba hawakumubakizia chakula. Nikaongeza harusi. Ng'ombe wawili. Fanfare ya matarumbeta! Chantal akacheka mpaka Yannick akaingia mbio. Halafu akanivuta karibu: yaya, mukubwa wangu, sisikii muziki, telefone yako imezimika toka zamani. Na mwisho wako iko ya kulazimisha, hakuna hata mumoja amelia mule.
Akasema niendelee.
Nikaendelea.

Alhamisi, 14 Machi
Chantal ametuacha jana, saa nane ya muchana. Leo tumemuzika Nyantende, kando ya maman yetu. Ghislaine alileta kwaya nzima. Yannick akanivuta nyuma ya viti. Nikafikiri anatafuta ubishi. Chantal alimusimulia kidogo: aliuliza kwa sauti ndogo binti alirudi namna gani pale Miti. Nikamueleza. Akasema nirudie, nisisahau viazi. Alilia, papa yetu alilia, hata Agathe, aliyetoka hospitali juzi. Mimi nilikuwa na kazi ya kupanga viti.

Jumapili, 17 Machi
Watu wamerudi kwao. Nimefungua hadithi upya. Inakuacha umupe binti jina, nimeandika Chantal. Mupango: vitaa kumi na viwili, Yannick auone muujiza wa kweli. Mara hii sikosei! Nimefika sehemu ya hospitali, pale kaka ya binti anaketi kando ya kitanda, anaanza kulia.
Nikabonyeza "Ruka".
Haidhuru. Kesho nitavunja ile kufuli kwa njia nyingine, niko fundi.
Na ile bahati niliyoandika tarehe ine ni uongo. Sina.