Sifuri ya Bibi Roelfje

Kwa niaba ya Idara ya Kutokomeza Upweke ya Halmashauri ya Wolderveen, ninayo fahari ya kuutangazia umma kwamba, baada ya miaka mitatu ya utafiti, upweke umepatikana. Umepatikana katika nyumba namba saba, kando ya mfereji. Anayekaa nao ni Bibi Roelfje Weggemans, mwenye umri wa miaka themanini na minne.

Ushahidi haukuwa na doa. Idara ilikwisha kufunga kidude cha kuhesabia wageni kwenye mlango wa mbele wa kila makazi ya halmashauri hii, bila kujali cheo. Katika miezi tisa, mlango wa Bibi Roelfje ulisoma sifuri. Kanuni, ambazo nilizitunga mwenyewe, husema wazi: mwenye sifuri ya miezi tisa huhamishiwa Jumba la Uandamani, na nyumba yake hupewa mtu aliye kwenye foleni ya nyumba, foleni ambayo kwa sasa ni ya miaka kumi na mmoja. Chumba cha kwanza cha Jumba kilikuwa tayari. Meya angekata utepe siku ya Ijumaa. Lililobaki ni mpweke.

Jumanne nilikwenda kumchukua, nikiwa na karani wangu, Marloes. Nikabisha mlango wa mbele.

"Mlango huo hufunguliwa kwa maharusi na maiti," ikajibu sauti kutoka ndani. "Wewe ni yupi kati ya hao?"

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Basi zunguka nyuma kama watu!"

Nikaeleza kwamba Idara haiutambui mlango wa nyuma. Ikafuata minong'ono, kisha akatokea ubavuni mwa nyumba mkulima mmoja, Harm Boelens, jirani, mwenye mtaimbo mkononi. Akatutazama kwa huruma, akaubanua mlango uliokuwa umevimba kwa unyevu, akaingia nao ndani mzimamzima, karibu aanguke. Sisi tukamfuata kwa heshima zote.

Jikoni tulipewa kahawa na biskuti moja kila mtu, kisha mkebe ukafungwa, kama inavyopasa. Nikasimama kuusoma uamuzi.

Nilikuwa katika aya ya pili mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Akaingia Nisrin, wa nyumba namba tisa, akirudisha sufuria. "Bibi, leo mchuzi umekubali!" Katika aya ya tatu akaingia mwanamke anayemkata Bibi nywele. Katika aya ya nne wakaja wawili kutazama paka amezaa wangapi. Hakuna aliyebisha hodi, na hakuna aliyeshangaa kuniona nimesimama, nikisoma.

"Mkurugenzi," Marloes akaninong'oneza, "hawa si wageni?"

"Andika: usumbufu."

"Lakini wamepita mlangoni."

"Wamepita nyuma. Nyuma hakuna kidude. Pasipo kidude hakuna ushahidi, na pasipo ushahidi hakuna mtu."

Harm akaitazama trei aliyoileta asubuhi. "Sasa haya mayai yamejileta?"

Wakacheka. Bibi Roelfje hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nimezaliwa chumba kile pale. Mume wangu katolewa kwa mlango ule mliouvunja. Nami nitatoka kwa mlango huohuo, nikiwa nimelala, si kwa karatasi yako. Umesikia?"

"Bibi, Idara inakutakia mema. Wewe ni mpweke."

"Haya, na kwako wewe, bwana mkubwa, anakuja nani?"

Swali halikuwamo katika fomu. Hata hivyo sina la kuficha, nikamwamuru Marloes asome takwimu za mlango wangu.

"Kumi na tisa, Mkurugenzi."

Nikakaa kwa adabu ya mshindi.

"Ila," akaendelea, akishuka na kidole, "zote ni za mleta vifurushi. Na vifurushi havihesabiki. Kifungu cha nne."

"Nani katunga upuuzi huo?" Harm akauliza.

Marloes akanitazama. Nikatazama paka.

"Zinabaki ngapi?" akauliza Bibi.

"Sifuri. Miezi kumi na minne."

"Loo!" Harm akapiga paja. "Kamshinda Bibi!"

"Isitoshe, Bibi hana sifuri tena," akasema Marloes. "Sisi watumishi hatuhesabiki, lakini Bwana Boelens si mtumishi, na kaingia kwa mlango wa mbele. Kidude kinasoma moja."

Jikoni pakalipuka. Nisrin akampigia Bibi vigelegele. Bibi akaufungua tena mkebe wa biskuti, jambo ambalo wazee wa Wolderveen hawakumbuki kuliona, akanisukumia. "Kula, mwanangu. Masikini ya Mungu."

Nilikula, kisha nikauchana uamuzi, nikaandika mwingine. Kanuni isiyomgusa aliyeitunga si kanuni. Ni ushauri tu.

Ijumaa Meya, Bi. Cornelie van Lierop, alikata utepe mbele ya wapiga picha. Nilisimama mlangoni mwa chumba namba moja, nimevaa ndara nilizogawiwa na Idara. Meya akamwinamia Marloes, akauliza kwa sauti ya juu na ya upole, "Anajisikiaje? Anakula vizuri?"

Nikamjibu mwenyewe kwamba ninakula vizuri, na kwamba, kwa kuwa bado ni Mkurugenzi, ninao wajibu wa kukamilisha orodha. Nikamwomba Marloes asome mlango wa makazi ya Meya.

"Elfu moja mia mbili na sita," akasoma.

Meya akatabasamia kamera.

"Wote kwa miadi ya kikazi," akaongeza Marloes. "Kifungu cha tano kinawafuta."

Wapiga picha waliacha kupiga, halafu wakaanza upya kwa kasi. Meya alikuwa bado ameshika mkasi. Nikampokea kwa uangalifu, maana wapya huwa na wasiwasi, nikamwonyesha chumba namba mbili. Kinapata jua la asubuhi.