Kurasa Sita za Ukuta wa Mama Akumu

Jumapili, 23 Machi

Leo nimepata daftari. Si la hesabu. La kuchora na kubandika! Mimi Chenge, niliyeacha shule darasa la tano, nina mwalimu tena.

Ilikuwa hivi. Mama Akumu ana mgahawa hapa Kamanga, pale pale kivuko kinaposhusha watu. Anataka ukuta wa mbele upakwe picha. Mafundi wa rangi tuko wawili, mimi na Nestory. Mama kasema hataki simba wala twiga, kwani hapa simba yuko wapi? Anataka Kamanga yenyewe. Na samaki wangu hamtaki kabisa. Eti nimemchora kwenye mitumbwi ishirini na kote anafanana na kiatu. Wateja wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Binti yake, Mwalimu Rebeka, anafundisha kuchora huko Mkolani. Ndiye kaleta mtihani. Kila mmoja kapewa karatasi nene sita, zimefungwa kwa kamba. Ukurasa mmoja kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Chora ulichokiona siku hiyo. Paka rangi yoyote, hata chai. Bandika kitu ulichookota siku hiyo hiyo. Kasema tusiogope kuharibu, ni mchezo, mkono unazoea na macho yanafunguka. Jumapili tunaonyesha. Aliyecheza vizuri anapewa ukuta, na jina lake anaandika chini.

Jina langu! Mitumbwi ishirini na hakuna hata mmoja wenye jina langu. Sasa kila anayetoka Mwanza atashuka na kusoma CHENGE kabla hajauliza choo kiko wapi. Ukuta huu lazima niupate.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefikiri. Nestory atahangaika siku sita. Mwenye akili anahangaika mara moja. Nimechora zote sita leo!

Gundi nimepika kwa unga wa muhogo wa mke wangu, Bernadeta. Rangi ni mkaa, majani ya chai, bluu ya kufulia na masalia ya rangi ya mtumbwi. Jumatatu nimechora wavu, nikabandika magamba ya sato. Jumanne, mvua, na kipande cha mwavuli. Jumatano, mbuzi ndani ya kivuko, na manyoya yake. Alhamisi, Bernadeta anacheka, na kifungo cha gauni lake. Ijumaa, Nestory anaanguka kutoka kwenye ngazi. Hiyo nimeichora kwa upendo. Jumamosi, jua, basi. Mkono ulishachoka.

Nikafungua karatasi, nikazianika zote sita kwenye kamba ya nguo. Jioni wakaja wale wadudu wa ziwani, wingu zima kama moshi. Kamanga yote ikafunga madirisha. Wakaganda kwenye gundi, kila karatasi. Bernadeta akaniambia Baba Paulo, toa uchafu huo. Nikamwambia hayo ni mapambo ya bure. Kwa kweli wamependeza. Kama pilipili manga kwenye mchuzi.

Jumanne, 25 Machi

Jua kali! Hata wingu la kusingizia hakuna. Na mimi kwenye ukurasa wa leo nimechora mvua.

Nikaona isiwe shida. Mama Akumu akiamini imenyesha, imenyesha. Nikazunguka nyuma ya mgahawa na ndoo mbili, nikarusha maji juu ya bati. Mlio ulikuwa mzuri sana, mvua kabisa. Ila maji yakateremka upande wa mbele, na upande wa mbele alikaa Nestory, anachora kikombe cha chai. Ukurasa wake ukalowa chapachapa. Nikafurahi. Kumbe mkaa ulipolowa ukatanda, kikombe kikaonekana kinatoa mvuke. Mama akampa chapati kwa kumpongeza. Mimi akaniuliza nyuma ya nyumba yake nafanya nini na ndoo. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikaondoka.

Jumatano, 26 Machi

Siku ya mbuzi. Nikaazima wa jirani yangu, Mzee Mashimba. Akauliza wa nini. Nikasema namtembeza tu, apunguze mawazo.

Kumpandisha kwenye kivuko ni vita. Mimi navuta, abiria wanasukuma, mkata tiketi anauliza huyu mbuzi anakwenda Mwanza kwa nani. Nikasema ana ndugu. Katikati ya ziwa akala mchicha wa mama mmoja, kisha akajaribu na kilemba chake. Mama yule akaniambia nafanana na mbuzi wangu kwa sura. Kivuko kizima kikaangua kicheko. Tukafika, tukageuka, tukarudi.

Lakini ukurasa umetimia! Mbuzi amepanda kivuko, mashahidi wapo. Hakuna mtu anayefanya kazi ya sanaa kama mimi wiki hii.

Alhamisi, 27 Machi

Bernadeta hacheki. Asubuhi nimemwambia kichekesho cha fisi, hakucheka. Mchana nimecheza ngoma na sufuria kichwani, akaniambia sufuria ile anapikia. Mwishowe nikamwomba, mke wangu cheka kidogo tu, nina ukurasa wako. Akataka kujua ukurasa gani. Ikabidi nieleze yote.

Halafu akasema wenzako wanachora siku, wewe unailazimisha siku ifanane na karatasi. Si bora uchore mambo haya unayofanya? Nikamwambia mipango mikubwa wanawake hawaielewi. Hapo ndipo akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuuliza anacheka nini. Ukurasa umetimia.

Ijumaa, 28 Machi

Nestory kaegemeza ngazi kwenye ukuta wa Mama, anapima kana kwamba ni wake tayari. Leo kwenye ukurasa wangu anaanguka. Nikasubiri saa nzima. Jamaa kasimama kama nguzo ya umeme.

Kumsukuma siwezi, ni Kwaresima. Nikamwambia mwanangu, unapima vibaya, shuka nikuonyeshe. Akashuka. Nikapanda. Nikafika juu, nikanyoosha mkono nionyeshe jina langu litakaa wapi, ngazi ikateleza.

Nestory ndiye kanibeba. Mgongo unauma. Nimekaa kitandani, nimemwongezea yule mtu wa kwenye picha kofia yangu. Sasa aliyeanguka ni mimi. Kila kitu kinarekebishika.

Jumamosi, 29 Machi

Nilichora jua. Limetoka. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa tukakusanyika kwa Mama Akumu. Nestory akaanza. Vikombe tu! Cha Jumatatu kina wadudu wa ziwani wamenasa kwenye gundi. Cha Jumanne kimelowa. Vingine sina la kusema, ni vikombe.

Nikaweka zangu. Watu wakasogea. Mbuzi wakamtambua, mkata tiketi akapiga makofi. Nikaanza kuona herufi zangu ukutani.

Mama akafungua Jumatatu, wadudu. Jumanne, wadudu. Akaenda polepole mpaka Jumamosi, wadudu. Akavua miwani. Akasema Chenge mwanangu, wadudu walikuja Jumatatu jioni peke yake, tangu hapo ziwa limetulia. Kwako wamekuja siku sita, ulifunga nao ndoa? Nikasema Mama, wananipenda. Mgahawa ukapasuka kwa kicheko. Bernadeta naye akacheka, tena bila kuombwa.

Ukuta amepewa Nestory.

Mwalimu Rebeka akanivuta pembeni. Kasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa Nestory, na hilo ndilo linalomuuma. Kasema amesikia habari za ndoo, za mbuzi aliyekula mchicha, za sufuria kichwani. Wiki hiyo yote ilikuwa picha, na sikuchora hata moja. Nikatazama chini. Kidogo niseme kitu cha maana.

Halafu akanipa nafasi nyingine. Ukuta wa nyuma bado mtupu, nao unaonekana na waliokaa kwenye foleni ya kivuko. Karatasi thelathini, mwezi wote wa Aprili, siku kwa siku. Nikiweza, ule ni wangu, na jina chini. Nimeapa mbele ya Mama na mkata tiketi.

Jumatatu, 31 Machi

Kosa langu nimeligundua. Nilianika nje.

Leo nimefunga madirisha na mlango, nimepika gundi sufuria nzima, na kabla ya chakula cha mchana nimeshafika tarehe ishirini na mbili. Hata nzi hajapita. Nestory namsikia huko nje anachanganya rangi, maskini, siku zake zote ziko mbele.

Tatizo ni dogo tu. Tarehe tatu nimechora punda amekaa ndani ya mtumbwi. Natoka kidogo, nikaulizie mwenye punda.